Jibu: Kompyuta moja ya Linux, watu wawili kwa pamoja

Salama mkuu. Hapo stationery yako Sinza umechomeka skrini, kibodi na mausi ya pili ili watu wawili watumie kompyuta moja, kila mmoja na kazi yake, lakini zote zinaandika kwenye skrini ile ile. Ni kwa sababu vifaa vyote bado viko seat0, yaani kiti cha kwanza. Kiti ni seti ya skrini, kibodi na mausi ya mtu mmoja; cha pili tutakiita seat1.

Anza na kadi za picha. Kila kiti kinataka kadi yake. Matundu mawili ya HDMI kwenye kadi moja hayatoshi, kwa hiyo usikimbilie Kariakoo kununua waya. Kama unayo kadi ya kwenye ubao mama na ya kuchomeka, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla Linux haijawaka) uwashe zote mbili. Mashine nyingi huzima ya ubao zikiona nyingine.

Kisha andika:

loginctl seat-status seat0

Tafuta kadi ya pili, yenye alama [MASTER]. Nakili njia yake nzima inayoanza na /sys/devices, halafu andika hii, ukiiweka njia hiyo palipo na NJIA:

sudo loginctl attach seat1 NJIA

Fanya hivyo kwa USB hab pia, kile kifaa cha kuongeza matundu ya USB. Ukiihamisha hab, kibodi na mausi zilizochomekwa humo zinaifuata, na hiyo ndiyo njia ninayoipendelea, maana vifaa huharibika na kubadilishwa kila mara. Washa upya, LightDM au GDM (programu ya ukurasa wa kuingia) italeta ukurasa wa kuingia kwenye kila skrini.

Pakivurugika, sudo loginctl flush-devices inarudisha vyote seat0.

Skrini ya pili ikibaki nyeusi, weka hapa majibu ya lspci, amri inayoorodhesha kadi zilizomo kwenye mashine, tuione kadi yenyewe.