Kulala siku mbili hoteli ya kando ya ziwa Mwanza na familia: inalipa, ila usichague kwa picha

Mkuu, umeuliza kama kuna maana ya kumtoa mama watoto na watoto watatu Geita mkalale siku mbili hoteli ya ufukweni Mwanza, au hela hiyo uongezee bati za nyumba. Mimi nilienda Desemba 2024 na mke, watoto watatu (miaka 11, 7 na 3) na mama yangu mzazi. Nakujibu kwa yaliyonikuta.

Safari wewe umepata nafuu. Sisi tulikaa foleni ya kivuko pale Busisi kwa muda wa karibu saa mbili, mdogo analia, mkubwa anauliza tutafika lini. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji unazimaliza kabla hujamenya chungwa. Ondoka Ijumaa mchana, jua likizama mko hotelini.

Hoteli yenyewe sasa. Nilichagua kwa picha za mtandaoni, ziwa limejaa dirishani, nikatuma hela yote. Tulipofika tukapewa chumba cha "upande wa ziwa", na kweli, ukisimama juu ya ndoo bafuni unaliona. Dirisha kubwa lilitazama jenereta. Umeme ukakatika saa mbili usiku, jamaa likaanza kunguruma, hatukulala. Asubuhi nikashuka mapokezi, nikaongea kwa upole maana hela walishaichukua, wakatuhamisha. Jina silitaji, huenda wamejirekebisha. Wewe lipa kwanza sehemu, na waombe wakurushie video ya chumba chenyewe utakacholala, iliyopigwa kuanzia mlangoni hadi dirishani. Wakikwepa, tafuta kwingine.

Halafu hili usilichukulie poa: watoto wasioge ziwani. Najua watu watakuja hapa kusema wao wamekua wanaoga humo. Hata mama yangu kakulia humo. Lakini kichocho kipo. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa majini na hupenya ngozi nzima kabisa, si lazima uwe na kidonda wala unywe maji. Pabaya zaidi ni pale pale watoto wanapopapenda, maji ya kina kifupi yenye majani. Mkubwa wangu alituchomoka akaingia hadi magotini akifukuza bata. Daktari akatuambia kumpima siku hiyo hiyo ni kazi bure, mayai huchukua wiki kadhaa kuonekana, turudi baada ya miezi miwili. Tukarudi, akanywa prazikwanteli, vile vidonge vya kichocho wanavyogawiwa shuleni. Kwa hiyo hoteli isiyo na bwawa la kuogelea, lenye upande wa kina kifupi, kwa familia yenye watoto ni mateso. Watayatazama maji siku mbili hawayagusi.

Nilichokuwa sikitegemei ni mama. Ni mzaliwa wa Ukerewe, maji ya ziwa hilo kayachota kwa ndoo tangu akiwa mdogo. Tumekaa barazani, kaangalia bei ya chai, akasema, "Yaani mwanangu umelipa tuje kuangalia maji?" Akageuza kiti, akalipa ziwa mgongo. Nikajua hapa nimeumia.

Ilipofika saa kumi na moja mtumbwi mmoja ukapita karibu, wavuvi wakasalimia kwa Kikerewe. Basi. Kiti kikageuka chenyewe. Akaanza kuwahadithia wajukuu habari za furu, vile visamaki vidogo walivyokuwa wakila kila siku, kabla sangara aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 hajaongezeka na kuvipunguza mno. Wa kati akauliza kama sangara ni jini. Giza lilipoingia, taa za wavuvi wa dagaa zikawaka huko mbali ungedhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Bibi akawaeleza kwa nini dagaa hufuata taa. Mimi na mke wangu tulikaa kimya tukila karanga, na nakwambia saa ile peke yake ilinirudishia hela yangu, hata ile ya jenereta.

Ukitaka kuziona taa hizo usiende mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa dagaa siku hizo hupumzika kwa sababu mwanga wa mwezi huishinda taa. Ila giza la mwezi mwandamo nalo lina wageni wake, wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka na kupanda kama moshi. Hawaumi, lakini ukiacha taa inawaka dirisha liko wazi utawafagia kwa ufagio.

Kutembea, panga kitu kimoja tu: kisiwa cha Saanane. Ni hifadhi ya taifa ndogo kabisa, kilomita za mraba 2.18, boti inatokea Capri Point na haichukui hata robo saa. Ilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ikawa hifadhi ya taifa 2013. Watoto wangu walipenda pimbi wanaoota jua juu ya mawe kuliko swala. Nenda asubuhi ziwa likiwa limetulia, mchana upepo huamka na boti inarusha maji. Beba kitambulisho ulipe kama Mtanzania, na kabla hamjapanda hakikisha jaketi okozi za saizi ya watoto zipo. Sisi tulingoja ya mdogo iletwe, watu wakanuna, nikawaacha wanune.

Chakula, sato wa kuchoma agiza saa moja na nusu kabla hamjasikia njaa. Chipsi za watoto zitakuja haraka, samaki hapana.

Mkirudi pitieni soko la samaki la Mwaloni Kirumba asubuhi kabla ya kushika barabara ya Usagara, mama watoto achague dagaa mwenyewe. Wafungeni kwenye mifuko miwili miwili, na wasikae ndani ya gari dogo. La kwangu lilinuka hadi Februari.