Vugo Letu Bado Lanilia Masikioni

SWALI: Assalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 54, mkazi wa Shela, Lamu. Tulipokuwa wasichana, tulijikusanya kumi na wawili tukatunga nyimbo zetu wenyewe, tukapiga vugo, ile ngoma ya wanawake ya kugonga pembe kwa vijiti, katika arusi ya mwenzetu. Tulifanya mazoezi kila baada ya alasiri kwa wiki sita uani kwa bibi yangu, tukigombana zaidi ya tulivyoimba, na usiku wenyewe haukuzidi muda wa saa tatu. Mmoja wetu ametangulia mbele ya haki, wanne wamehamia Mombasa, na pembe yangu imo sandukuni. Kila nikitafuta jambo la kunifurahisha moyo, hunijia usiku ule, wala si siku ya arusi yangu mwenyewe, nami naona haya kulisema. Je, huu ni utoto? Na je, inafaa niwaite waliobaki tulirudie?

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Haya iondoe. Siku ya arusi yako ulipambwa na wengine, ukaketi macho chini, ukatazamwa. Furaha ile uliletewa, nawe ukaipokea kwa shukrani. Usiku wa vugo hukuletewa kitu. Mliokuwa mkisikika njiani mlikuwa nyinyi wenyewe, na kilichosikika hakikuwapo duniani wiki sita kabla yake.

Itoe pembe hiyo sandukuni, uigonge kwa kijiti peke yako chumbani. Utasikia mlio mkavu, mfupi, usio na utamu wowote. Vugo halipatikani katika pembe moja: hupatikana pale milio inapopokezana, mmoja akatoa ubeti na wengine wakamwitikia, hata asiyekuwa na sauti nzuri akawa hana budi kuwapo, kwa kuwa akikosekana pengo lake husikika. Ndiyo maana kila mmoja wenu aliondoka na kipande tu cha usiku ule, na kipande hakikumbukwi pasipo kuwakumbuka walio na vilivyobaki.

Jambo hili si la wasichana peke yao. Tazama Maulidi ya Mfungo Sita katika Msikiti wa Riyadha huko Lamu, ulioasisiwa na mwanachuoni Habib Swaleh, ambaye alilaumiwa na baadhi ya watu wa zama zake kwa kuyaingiza matwari, zile ngoma za kupigwa kwa mkono, katika usomaji (leo ni nani awezaye kuifikiria Lamu bila ya matwari hayo?). Vijana husimama safu kwa safu, wakainama na kuinuka pamoja, mpaka mtazamaji asijue ni nani aliyeanza. Au litazame goma, ambapo wazee wenye bakora husogea taratibu kwa mdundo wa ngoma na zumari. Mzee ambaye asubuhi alishikwa mkono kupanda ngazi za gati, jioni husimama katika safu hiyo mpaka apende mwenyewe kuketi.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, akiwamo Robin Dunbar, walichapisha mwaka 2015 uchunguzi wa madarasa ya watu wazima nchini Uingereza, waliokuwa hawajuani. Wapo waliojifunza kuimba, wapo waliojifunza kazi za mikono au uandishi. Baada ya miezi 7 madarasa yote yalikuwa yamezoeana vivyo hivyo, lakini waimbaji walikaribiana upesi zaidi tangu mwanzo. Mimi nakiona cha maana zaidi kile cha kwanza: kwamba hata wasioimba walifika. Hicho ndicho kilichofanywa na wiki zenu sita, pamoja na ugomvi wake wote, kwani watu hawagombanii neno la ubeti ila wanapolijali.

Ama kuhusu kulirudia, sikushauri. Bi arusi wenu huenda ana wajukuu sasa, na mkiuiga usiku ule mtakachokiona ni aliyekosekana. Subirini arusi ya binti wa mmoja wenu, mtunge nyimbo mpya zinazomhusu yeye, na ile nafasi ya marehemu apewe bintiye ikiwa anaye, hata kama hajui kupiga. Wa Mombasa waje wiki nzima kabla, wasije usiku wa arusi tu kama wageni. Msijaribu kufanya mazoezi kwa simu, kwa sababu sauti huchelewa kidogo njiani, na kuchelewa huko kudogo kunatosha kulivunja vugo.

Zile nyimbo za zamani ziimbeni mazoezini, uani, mlango ukiwa umefungwa.