Mchango wa pensheni na kima cha chini cha mshahara Uingereza: piga hesabu kabla ya kusaini

Waajiri wengi Uingereza, kuanzia nyumba za kutunza wazee hadi maghala ya bidhaa, huwapa wafanyakazi barua yenye pendekezo hili: kubali mshahara wako upunguzwe, na kiasi hicho tutakiingiza sisi kwenye pensheni yako. Kwenye hati ya mshahara mstari wake huandikwa Salary Sacrifice, Sal Sac au SMART. Kwa aliyezoea NSSF, iwe ya Kenya au ya Tanzania, haya yanaonekana kuwa makato yale yale. Siyo. Mchango wa NSSF hukatwa kwenye mshahara, na mshahara unabaki ulivyo kwenye mkataba. Hapa unaoshuka ni mshahara wenyewe, na pesa inayoingia pensheni huhesabiwa kuwa imetolewa na mwajiri.

Faida ipo. Mshahara ukishuka, Bima ya Taifa (National Insurance, makato ya lazima ya serikali) nayo inashuka. Kwa mapato ya kati ya £12,570 na £50,270 kwa mwaka, mfanyakazi huokoa 8% ya kiasi alichoachia, yaani alichokubali kipunguzwe, na mwajiri huokoa 15%. Ndiyo maana barua hizo huandikwa kwa shauku.

Sasa kima cha chini. Kuanzia 1 Aprili 2026 ni £12.71 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi, na £10.85 kwa wa miaka 18 hadi 20. Sheria hupima mshahara uliobaki baada ya punguzo, si ule wa awali. Mchango wa kawaida, yaani ule unaokatwa kwenye mshahara wako na kupelekwa pensheni, hauharibu hesabu hii, kwa sababu pesa ile bado inatambuliwa kuwa ulilipwa. Kwa hiyo kiasi kile kile cha pesa, kikienda kwenye pensheni ile ile, kinaweza kuwa halali kwa njia moja na kuvunja sheria kwa njia nyingine. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea, na hata wanaoandaa mishahara ofisini wakiwemo.

Chukua mfanyakazi wa saa 37.5 kwa wiki, sawa na saa 1,950 kwa mwaka, anayelipwa £13.10 kwa saa. Mshahara wake ni £25,545 kwa mwaka. Sakafu ya kisheria kwa saa hizo ni £24,784.50. Nafasi aliyonayo ni £760.50 tu kwa mwaka, kama £63 kwa mwezi. Akiachia 5% ya mshahara wote, yaani £1,277.25, anabaki na takriban £12.45 kwa saa: yuko chini ya sheria. Na kama 5% inapigwa kwa mapato yaliyo juu ya £6,240 peke yake, kama sheria ya kuandikishwa moja kwa moja kwenye pensheni (auto-enrolment) inavyoruhusu, anaachia £965.25 na kubaki na takriban £12.60. Bado yuko chini.

Kwa kazi ya saa hizo, mchango wa 5% ya mshahara wote unahitaji malipo yasiyopungua £13.38 kwa saa. Ukipigwa kwa mapato yaliyo juu ya £6,240, unahitaji kama £13.22. Kama malipo yako hayafiki hapo, usisaini kabla mwajiri hajakuonyesha hesabu yake kwa maandishi.

Na hata ukifika, angalia umesimama umbali gani kutoka ukingoni. Anayelipwa £13.40 na kuachia 5% anabaki na £12.73. Kwa mwezi wa saa 162.5, ziada yake juu ya sheria ni £3.25. Akikatwa £15 ya sare, tayari amevuka, kwa kuwa makato ya sare hupunguza malipo yanayohesabiwa. Akitakiwa kufika dakika 15 mapema kila zamu kwa makabidhiano bila kulipwa, kwa zamu 13 ni zaidi ya saa tatu za kazi ambazo hazina malipo. Mafunzo ya lazima ni saa za kazi. Safari kutoka nyumba ya mteja mmoja kwenda kwa mwingine ni saa za kazi pia, na kwa walezi wanaozunguka majumbani hili ndilo huwaangusha zaidi. Upande wa pili, nyongeza ya zamu ya usiku, ile sehemu ya juu ya malipo ya saa za ziada, na bakshishi haziingii kwenye hesabu ya kima cha chini, kwa hiyo usizitumie kujipa moyo. Kipimo chenyewe hufanywa kwa kila kipindi cha malipo: ukilipwa kwa mwezi, ni mwezi ule, na kwa anayelipwa kwa saa mwezi mnono haufidii mwezi mbovu.

Mwajiri makini huweka kizuizi kwenye mfumo wake wa mishahara. Mtu akikaribia sakafu, mchango wake unahamishwa kuwa wa kawaida, au sehemu inaachiwa na sehemu inakatwa. Yule wa £13.10 anaweza kuachia hadi £760.50 kati ya zile £965.25, na £204.75 zilizobaki akakatwa kawaida. Kwa maoni yetu ni heri aachie pungufu kidogo ya hapo, ili dakika chache za ziada zisimtie hasarani.

Ukiambiwa hustahili mpango huu, usikasirike, na tafadhali usijitoe kwenye pensheni. Kwa mfanyakazi wa mfano wetu, kuachia £965.25 kungemwokolea £77 za Bima ya Taifa kwa mwaka. Akijitoa kabisa, anapoteza angalau 3% ya mwajiri, ambayo kwake ni £579, pamoja na nafuu ya kodi. Hizo si hasara za kulinganishwa.

Kwa anayefanya saa chache, mpango huu mara nyingi haumfai hata kama sheria inaruhusu. Saa 16 kwa wiki kwa £13.10 ni karibu £10,900 kwa mwaka. Anaandikishwa kwenye pensheni kwa kuwa amepita £10,000, lakini yuko chini ya £12,570, halipi kodi ya mapato wala Bima ya Taifa, kwa hiyo hana cha kuokoa. Mifuko inayodai nafuu ya kodi kwa niaba ya mwanachama humwongezea £20 kwa kila £80 anazochanga, hata kama halipi kodi. Akiachia mshahara, nyongeza hiyo haipati.

Mama mjamzito, au anayepanga kuwa mjamzito, apige hesabu ya pili. Malipo ya kisheria ya likizo ya uzazi kwa wiki 6 za kwanza ni 90% ya wastani wa mapato ya takriban wiki 8 zinazoishia karibu na wiki ya 15 kabla ya tarehe ya kujifungua. Mshahara ulioshushwa unashusha wastani huo. Uliza mapema kama mpango wenu unaruhusu kutoka maisha yanapobadilika, mingi inaruhusu.

Kuanzia Aprili 2029, nafuu ya Bima ya Taifa kwenye michango ya aina hii itaishia £2,000 kwa mwaka. Kwa walio karibu na kima cha chini haibadilishi kitu, kwani hawafiki huko.

Mwezi wa kuangalia kwa makini ni Aprili. Kima kipya huanza kwenye kipindi cha malipo kinachoanza tarehe 1 Aprili au baada yake, na mwajiri anayepandisha mishahara Julai anaweza kuwa amewaacha watu chini ya sheria kwa miezi mitatu. Vivyo hivyo kwa kijana anayetimiza miaka 21: kuanzia kipindi cha malipo kinachofuata, sakafu yake inaruka kutoka £10.85 hadi £12.71, huku punguzo la mshahara likiendelea kama jana.

Ukigundua umelipwa pungufu, saini yako haikufungi. Makubaliano ya kulipwa chini ya kima cha chini ni batili. Kusanya hati za mshahara, ratiba za zamu na saa ulizofanya kweli, kisha mwandikie mwajiri ukionyesha mwezi, saa, mshahara baada ya punguzo, na kiasi kilichopungua. Asipojibu, Acas, shirika la umma la ushauri wa mambo ya kazi, hushauri bure kwa simu, na malalamiko hupelekwa kwa wakaguzi wa serikali wa kima cha chini, hata bila kutaja jina lako kwa mwajiri. Wakaguzi hao wanaweza kumdai malimbikizo, yakikokotolewa kwa kima cha sasa kama ndicho kikubwa, na faini ya hadi 200% ya deni. Kukufukuza kwa sababu ya kudai haki hii ni kinyume cha sheria, hata kama umeanza kazi juzi.