Wi-Fi si intaneti

Mdogo wangu unayeanza kazi ya mitandao, maneno utakutana nayo mengi, lakini haya mawili ukiyachanganya utahangaika bure: Wi-Fi na intaneti. Wi-Fi ni mawimbi ya redio kati ya simu na ruta, yaani kile kifaa kinachogawa mtandao, basi. Intaneti ni kile kinachoingia kwenye ruta kutoka nje, kwa kebo au kwa laini ya simu. Mteja akikwambia "Wi-Fi imekata", muulize kwanza: jina la mtandao halionekani kabisa, au linaonekana ila hakuna kinachofunguka? Hizo ni kesi mbili.

Hilo nililijua vizuri kwenye gesti moja Mji Mkongwe, Zanzibar. Wageni walilalamika hawapati mtandao. Nilipoziona zile kuta za mawe, nene karibu nusu mita, nikaamua papo hapo kwamba mawimbi hayapenyi. Nikahamisha ruta, nikabadili chaneli, yaani njia ya mawimbi, nikatoa 6 nikaweka 11, masaa matatu yakapotea. Mwishowe nikaomba laptopu ya mgeni mmoja, nikakuta anwani yake ya IP, ile namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao, inaanza na 169.254. Hiyo ni anwani ambayo kompyuta hujipa yenyewe ikikosa wa kuipa. Huduma ya kugawa anwani huitwa DHCP, na mara nyingi imo ndani ya ruta. Aliyeifunga ile ruta aliiwekea anwani 50 tu, na simu ikishapewa moja inaishikilia siku 7, hata kama mwenyewe ameshapanda boti kurudi Dar. Nikaziongeza zikawa 200, muda wa kuzishikilia nikaushusha hadi masaa 8. Simu zikaanza kuingia mimi nikiwa bado nimesimama pale mapokezi.

Kuta zina matatizo yake, ni kweli. Masafa ya 5 GHz yana kasi, ila ukuta huyashinda upesi kuliko yale ya 2.4 GHz. Lakini pima kabla ya kuzilaumu. Nguvu ya mawimbi husomwa kwa dBm, nayo ni namba hasi: -50 ni nzuri sana, -80 ni dhaifu. Siku ile ilikuwa -55, nami sikuitazama mapema.

Halafu kuna megabiti na megabaiti. Baiti 1 ni biti 8, kwa hiyo kifurushi cha megabiti 20 kwa sekunde hushusha faili kwa megabaiti 2.5 kwa sekunde, tena hapo hali ikiwa nzuri. Mweleze mteja hesabu hiyo kabla hujamfungia, asije akakuona umemdhulumu.