Uniti tisa kwa siku zinakwenda wapi?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Ninaishi Mbagala, Dar es Salaam, nyumba ya vyumba vitatu, bati la rangi ya maruni, dari ya jipsamu. Tupo watu watano. Luku inakula uniti tisa kwa siku. Umeme wa elfu kumi hauvuki siku ya tatu. Tuna kiyoyozi kimoja cha BTU 12,000 chumbani kwetu, tunakiwasha saa tatu usiku mpaka alfajiri. Kuna friji ya siku nyingi, hita ya maji ya lita 50, pampu na televisheni. Taa zote ni za LED. Fundi amenikadiria sola ya shilingi milioni nane na nusu ili niachane na Luku. Nifunge?
Mama wa watatu, Mbagala

JIBU: Marahaba, mama. Usifunge kwanza. Sisemi hivyo kwa kuichukia sola, maana ndiyo inayoniweka mjini. Ila tupige hesabu.

Elfu kumi inakupa uniti 28, ukiacha ule ununuzi wa kwanza wa mwezi unaokatwa kodi ya jengo. Yaani uniti moja ni kama shilingi 356. Uniti tisa kwa siku 30 ni 270, karibu shilingi 96,000 kwa mwezi. Ukigawa milioni nane na nusu kwa hizo unapata miezi 88, zaidi ya miaka saba, na hapo hakuna kilichoharibika njiani. Tena kiyoyozi chako kinafanya kazi jua likiwa limeshazama. Umeme wake wote inabidi ulale kwenye betri kwanza, na betri ndizo zinazopandisha bei ya mfumo. Kwa hiyo kila uniti utakayoiokoa usiku inapunguza ukubwa wa betri utakazonunua baadaye.

Anza na mita. Mbele yake kuna kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na pembeni pameandikwa 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh, yaani kinapepesa mara 1000 au 1600 kwa kila uniti moja. Kama ni 1000, hesabu kinapepesa mara ngapi ndani ya dakika sita, zidisha kwa kumi: hizo ndizo wati nyumba inazokula wakati huo. Kama ni 1600, jibu ligawe kwa 1.6. Mita ikiwa juu ya nguzo na ndani una kile kidude cha kubonyezea namba tu, andika uniti zilizobaki kabla ya kulala na uangalie tena ukiamka. Kisha siku moja chomoa kila kitu, zima hita, acha swichi kuu ikiwa imewashwa. Kitaa kikiendelea kupepesa, kuna kitu umekisahau au waya unavujisha; mwite fundi mwenye leseni. Ukizima swichi kuu na bado kinapepesa, hilo ni la TANESCO, usiliguse.

Niliwahi kwenda nyumba moja Tabata wakilalamikia mita kuwa mbovu. Mita ilikuwa nzima. Hita ya maji ilikuwa imefichwa juu ya dari, kitaa cha swichi yake kilikuwa kimeungua, na hakuna aliyejua kuwa imewashwa tangu msiba wa mwaka uliopita, walipolala wageni. Kwa joto la Dar maji ya bombani tayari yana uvuguvugu. Hita ya kuoga iwashwe nusu saa, izimwe. Kuiacha siku nzima ni kulipia joto linalotoka kwenye tangi polepole, uniti moja hivi kila siku bila mtu kuoga.

Friji: bana noti kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umekufa. Mashine ya wati 120 inayopumzika nusu ya muda inakula kama uniti moja na nusu kwa siku. Isiyopumzika kabisa inakaribia tatu. Mpira mpya ni kazi ndogo kwa fundi friji. Isogeze pia mbali na ukuta, na ufute vumbi kwenye mabomba ya nyuma.

Sasa tuje kwenye kiyoyozi, maana nakisia ndicho kinachokula karibu nusu ya uniti zako. Kinapigana na nini saa tatu usiku, wakati nje pameshapoa? Kinapigana na jua la mchana lililojificha ndani ya nyumba. Bati la maruni kwenye jua kali linapita nyuzi 60, na Dar jua linapita utosini kabisa mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, kwa hiyo paa ndilo linalobeba mzigo kuliko ukuta wowote. Joto hilo linajaa darini, linashuka kupitia jipsamu. Matofali ya saruji nayo yanalinywa mchana kutwa, hasa ukuta wa magharibi, kisha yanalitema mkiwa mmelala.

Paka bati rangi nyeupe ya paa. Najua maruni inapendeza, majirani wataongea, lakini nyeupe inarudisha sehemu kubwa ya jua juu lilikotoka. Pili, fungua matundu yenye wavu kwenye pembe za paa na chini ya kingo zake, hewa ya darini ipate kutoka. Tatu, kivuli upande wa magharibi: pasheni kwenye waya, au mwarobaini uliopandwa mbali na msingi. Madirisha ya alumini ya kuteleza yana kosa ambalo wauzaji hawalisemi: yanafunguka nusu tu. Yale ya mbao ya bibi zetu yalifunguka yote, na upepo wa kaskazi na kusi ulipita. Ukijenga tena, kumbuka hilo.

Chumbani weka kiyoyozi nyuzi 26, na uwashe pangaboi pamoja nacho. Pangaboi haifiki hata wati 80. Kukiweka 16 hakipoozi haraka zaidi, kinakosa tu pa kusimama. Osha chujio lake kila mwezi.

Rangi na mpira wa friji vifanye mwezi huu, uniti uziandike daftarini kila asubuhi. Zikishuka hadi tano, mwite tena fundi wako, mpe daftari, akupigie hesabu ya sola ya nyumba inayokula uniti tano. Mwulize betri ni za lithiamu au za asidi, na nani atakayezibadilisha zikifa kabla ya dhamana kwisha. Majibu yake yaandikwe kwenye risiti.