Wasomaji Wanauliza: Ahadi ya 2050 na Kalavati la Leo

SWALI: Serikali ya jimbo letu imetangaza kwamba ifikapo 2050 haitazidisha tena gesijoto angani. Wanaotangaza leo watakuwa wamestaafu zamani. Nitajuaje kama wana nia?

JIBU: Iache kwanza 2050, ufungue bajeti ya mwaka huu. Kisha uliza wanapima kuanzia mwaka gani, lengo la karibu ni la lini, na nani ana ruhusa ya kuwakosoa hadharani. Ujanja mwingi umejificha kwenye mwaka wa kuanzia: ukichagua mwaka ambao uchafuzi ulipita kiasi, punguzo linajitokeza lenyewe bila mtu kuinua mkono.

California ilijifunga kwa sheria ya 2006 kurudi kwenye kiwango cha gesijoto cha 1990 ifikapo 2020, ikakifikia mwaka 2016. Scotland iliahidi kupunguza gesijoto kwa asilimia 75 ifikapo 2030; Machi 2024 kamati huru ya washauri ikasema haiwezekani tena, na Aprili serikali ikaliacha lengo hilo. Ni aibu, ndiyo, lakini iligundulika miaka sita kabla kwa sababu kulikuwa na hesabu ya kila mwaka. Jimbo lisilo na hesabu hiyo litagundua 2050 yenyewe.

Wales, kwa sheria ya 2015, ina Kamishna wa Vizazi Vijavyo. Hawezi kumlazimisha mtu, ila akitoa pendekezo, taasisi ya umma inatakiwa kulijibu kwa maandishi yanayochapishwa, na ikilikataa iwe na sababu.

SWALI: Kalavati jipya kwenye barabara yetu hufurika kila msimu wa mvua. Mhandisi anasema lilijengwa kwa "mvua ya miaka 10". Je, si lingefurika mara moja tu kila miaka kumi?

JIBU: Hapana, na jina hilo limewapotosha wengi, madiwani wakiwemo. Ni mvua yenye uwezekano wa asilimia 10 kila mwaka, hata kama mwaka jana ilinyesha. Ndani ya miaka 30, uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni karibu asilimia 96.

Kufurika kila msimu, hata hivyo, ni dalili ya kasoro nyingine. Huenda takwimu za mvua zilizotumika ni za zamani. Kila hewa inapoongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, inaweza kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke, na mvua kubwa huzidi kuwa kubwa. Au huko juu msitu umefyekwa na mabati yameongezeka, hivyo maji yanafika kwa kishindo badala ya kunywewa na udongo. Muulize mhandisi: takwimu ziliishia mwaka gani, na kiliongezwa kiasi gani kwa ajili ya mvua zijazo? Akikosa jibu la swali la pili, kalavati limejengewa hali ya hewa iliyokwisha kupita.

Bomba la kalavati lenye kipenyo cha sentimita 90 hupitisha karibu mara tatu ya maji ya lile la sentimita 60 kwa mteremko uleule, ilhali kuchimba na kufunga barabara ni karibu kazi ileile. Wakati wa kulipanua ni kabla halijafukiwa. Wakikupa mabomba mawili ya sentimita 60 kama suluhu, yanapitisha mara mbili tu, na kila mdomo ni mtego mwingine wa matawi. Hukubalika pale ambapo barabara iko chini mno kufunika bomba kubwa.

Tahadhari: bomba kubwa humpelekea jirani wa chini maji yaliyokuwa yakituama kwako, basi wapime na huko. Mdomo wa kutokea upangiwe mawe makubwa, la sivyo maji yatachimba shimo, ukuta wa kalavati uning'inie, kisha barabara ibomoke kuanzia chini.