Jibu: Kwa nini namaliza wa nne kila mara kwenye SSX Tricky?

Mkuu, unasema huanguki hata mara moja lakini bado unamaliza wa nne au wa tano. Shida ni hiyo hiyo: unacheza kwa uangalifu mno. Gemu hii ya 2001 ya mbio za ubao wa theluji haimjali anayeteleza tu. Kila unapozunguka hewani na kushika ubao, mita ya busti (kasi ya ziada) inajaa, na busti ndiyo inayokupitisha wenzako.

Shikilia kitufe cha kuruka mapema, kabla hujafika ukingoni mwa rampu, na huku umekishikilia bonyeza upande unaotaka kuzungukia. Ukikiachia pale ukingoni, mchezaji anafyatuka kama springi. Ila uachie ubao kabla ya kutua, la sivyo ni uso kwenye theluji na mita inapungua. Mimi hapo niliteseka wiki nzima!

Mita ikijaa, piga yale manjonjo makubwa ya hewani. Ukifanikisha sita, herufi za TRICKY zinakamilika na busti inakuwa haikauki.

Kuwasukuma wapinzani ni raha, lakini wana kinyongo, watakurudishia. Kwenye njia za mbio, anzia Garibaldi, Alaska iache kwanza.